Siku Moja ya Kuangalia Mlango

Nimechoka kuulizwa. Kila anayeleta mawe yake ya dhahabu kusagwa kwenye karasha langu anaanza na "Tabora kulikuwaje?" halafu anacheka kabla sijafungua mdomo, maana habari ya Nyasubi ilifika Rwamgasa kabla yangu, tena imeongezewa chumvi njiani. Wanaoisimulia hawakuwepo. Basi naandika mara moja kwa wote, na mwenye kutaka kucheka angoje nimalize.

Wengi mnamjua mama yangu. Asiyemjua ajue kwamba ana miaka sabini na kitu na ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia linaona katikati tu, sehemu ndogo, tena mchana wa jua kali. Jua likianza kushuka anapapasa ukuta. Daktari alituambia dawa inachelewesha tu. Tulipofika nyumbani, mama akimenya viazi, akasema, "Kabula, nataka kwenda Tabora kuuona ule mlango."

Ule mlango nimekua nikiusikia. Babu yake mama alikuwa mbebaji wa mizigo enzi za misafara. Walitoka huku Usukumani wakiwa na pembe begani mpaka Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, wakatua mizigo kwenye uwanja wa tembe, nyumba kubwa ya udongo, la tajiri mmoja, wakaambiwa wasubiri. Wasubiri nini, hawakuambiwa. Siku zikapita. Babu alikuwa bado barobaro, hana la kufanya, akawa anaangalia mlango wa lile tembe, wa mbao iliyochongwa maua na mnyororo pembeni. Uzeeni alikuwa akimchorea mama yale maua mavumbini kwa kidole. Tembe lipo mpaka leo, nje kidogo ya mji wa Tabora, na watu wanalipa kuingia kwa sababu ya Wazungu waliowahi kulala humo. Mama hakuwa na shida na Wazungu. Alitaka kuuona mlango kabla jicho halijafunga.

Nikapanga siku tatu. Mtu mwenye mashine anajua siku tatu ni kitu gani. Ijumaa kusafiri, Jumamosi kuangalia, Jumapili kurudi. Hiyo Jumamosi niliigawa vizuri: asubuhi tembe, jua likiwa zuri, mchana stesheni ya zamani ya reli, alasiri tulizunguke boma la Wajerumani kwa nje, halafu tule wali kwa kuku mjini. Niliiandika kwenye karatasi nikaona nimefanya kazi ya maana.

Rwamgasa hadi Kahama

Tuliondoka alfajiri. Mama alivaa gauni lake la kanisani na akabeba matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, kwenye mfuko wa unga, eti wa Tabora hawavijui. Wanyamwezi hawajui viazi vikavu! Sikubishana naye. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba afariki, na alikuwa ananisomea vitu vya barabarani kana kwamba mimi ndiye nisiyeona. "Ng'ombe wale. Yule ana baiskeli. Lile bati jipya."

Geita stendi tukangoja gari la Kahama. Lilitakiwa liondoke saa moja, likaondoka saa mbili na dakika zake kwa sababu kuna abiria aliyekuwa na mashine ya kukoboa juu ya gari na kamba haikutosha. Hapo, katika kungoja, nikafanya kosa langu. Nikaona ni ustaarabu kumpigia simu mjomba Shija, mdogo wake mama, anayekaa Nyasubi pale Kahama, kwamba tutapita kwake. Nilifikiri nikitoa taarifa mapema hatatushikilia.

"Shikamoo mjomba. Niko na mama, tunakwenda Tabora. Tutapita kuwasalimia, nusu saa tu."

"Tabora? Na dada?"

"Ndiyo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mjomba."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Sawa, mwanangu. Njooni."

Nikakata simu nikijisifu moyoni. Nanyi mnaosoma, ambao ni watu wa huku, najua mmeshajishika kichwa. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu akifiwa anaambiwa mgonjwa anaendelea, njoo tu. Anasafirishwa, anakalishwa, analishwa, ndipo mtu mzima mmoja anakohoa na kumwambia. Na maneno yanayotumika kumficha ni hayo hayo niliyoyatumia mimi: hakuna kitu, tunapita kusalimia. Tena binti yake mjomba, Limi, anasoma ualimu Tabora. Nalijua hilo tangu alipoanza masomo. Halikunijia kichwani hata kidogo, kwa sababu kichwani nilikuwa na karatasi yangu.

Nyasubi, Ijumaa

Tulifika saa sita mchana. Tukaikuta nyumba ya mjomba ina turubai mbele. Viti vya plastiki vimepangwa, wanaume wamekaa kimya wakiangalia chini. Wanawake wako kwenye mikeka, khanga kiunoni. Nyuma ya nyumba moshi wa kuni, na mbuzi ameshatundikwa.

Mimi nikaganda getini. Mama, kwa jicho lake lile, aliona turubai na watu waliokaa chini, na hiyo ilimtosha. "Mdogo wangu!" alipiga kelele. "Shija! Shija ameniacha!" Akavua viatu, akaweka mikono kichwani, akaingia analia.

Waliokuwa kwenye mikeka walikuwa wanangoja neno. Kilio cha mama ndicho kikawa neno lenyewe. Wote wakalipuka. Mke wa mjomba, Mama Limi, akaanguka chini akiita, "Limi wangu! Limi!" Mama aliposikia Limi akadhani wamekufa wawili, akazidisha. Mimi niliposikia Limi nikaanza kulia pia, kwa sababu yule mtoto nilimbeba mgongoni. Nililia kweli. Nisiwafiche, nilikaa chini mavumbini na sketi yangu nzuri.

Sijui tulilia muda gani kabla mjomba mwenyewe hajatokea mlangoni, mzima, macho mekundu. Mama akamwona akiwa amefika karibu kabisa. Akamshika mashavu.

"Wewe si umekufa?"

"Mimi? Dada, niambie mwanangu alifariki lini."

"Mwanao amefariki?"

"Si ndiyo mmekuja kuniambia?"

Hapo ndipo wengine wanapocheka. Mimi sikucheka. Niliona uso wa mjomba. Alikuwa amempigia binti yake simu tangu saa mbili asubuhi na simu haipatikani. Mtu huyo alikuwa amekaa saa nne na maiti ya mwanawe kichwani, na aliyemwekea ni mimi, na nusu saa yangu.

Nikasema kwa sauti kwamba hakuna aliyekufa. Hawakuniamini. Mzee mmoja jirani akanishika bega akanivuta pembeni. "Mwanangu, umefanya vizuri kuwatuliza. Sasa niambie mimi, mimi ni mtu mzima."

"Mzee, hakuna msiba."

"Mnakwenda Tabora kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kumwangalia nani?"

"Si mtu. Tembe la zamani. Lina mlango."

Akaniangalia kwa huruma kubwa. "Mlango," akasema. "Mlango hata choo changu kinao, mwanangu. Useme ukweli."

Nilimjibu vibaya. Siandiki nilichomjibu, lakini alienda kukaa mbali na mimi na hakunitazama tena. Hasira yangu haikuwa yake peke yake. Ilinijia kwamba kwetu mtu ana ruhusa ya kusafiri akifiwa, akiugua, akioa au akiwa na biashara. Ningesema mama anapelekwa hospitali, wangetusindikiza mpaka stendi na kutubebea mizigo. Kusema kweli kwamba mwanamke mzee anataka kuangalia kitu kwa macho yake mwenyewe, basi, ni lazima kuna maiti mahali.

Limi alipatikana saa kumi alasiri. Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Sikonge, shule isiyo na mtandao mpaka utoke barabarani. Mjomba alimsikiliza mwanawe akiongea, akampa mkewe simu, akaingia ndani. Tukamsikia akilia peke yake, kilio cha pili cha siku ile. Hiki hakikuwa na uongo wowote.

Nikasema, "Mama, gari la mwisho bado halijaondoka."

Mjomba akatoka. "Dada, leo umeniua ukanifufua. Huendi popote." Halafu akaleta hoja kwamba machozi yaliyomwagika bila maiti ni lazima watu wale pamoja ili yasije yakajitafutia maiti. Desturi hiyo sijawahi kuisikia kokote, nadhani aliitunga pale pale. Wazee wote wakatikisa vichwa kama wameizoea tangu utotoni, na mbuzi alikuwa ameshaiva. Mama akaniangalia, au aliangalia upande nilipo. "Tutaondoka asubuhi na mapema," akasema.

Walikula. Jirani aliyenivuta pembeni alikula kwa mikono miwili. Ugali na mchuzi vilikuwa vitamu, nami sikuvifurahia.

Nyasubi tena, Jumamosi

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimefunga mabegi. Mama amevaa gauni lake lile lile, nimelipangusa vumbi. Tulikuwa tumeshafika getini mjomba aliponiambia kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi, kwamba ndugu za mkewe wako njiani kutoka Mhunze, kule Kishapu. Waliambiwa jana kuna msiba. Wameshaambiwa hakuna, ila walishakodi gari.

"Si warudi?"

"Mjomba," akasema, maana na mimi ananiita mjomba, "mtu akikodi gari la kuja kulia, umwambie arudi hajala? Na dada ndiye mkubwa wetu. Wafike wamkose? Watasema alikimbia."

"Asingekimbia. Ana safari."

"Safari ya mlango."

Nikamgeukia mama nikitegemea aseme kitu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akapanga mikono mapajani, akangoja. Saa mbili zikapita, saa tatu. Jua lilikuwa zuri sana. Lile lilikuwa ndilo jua langu la tembe, la kwenye karatasi, na nilikuwa nalitazama likipanda juu ya mabati ya Nyasubi.

Wakafika saa nne na nusu, watu kumi na mmoja. Kila mmoja akapiga goti mbele ya mama, akamshika mkono, akaanza salamu zote za Kisukuma, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za waliokufa kweli. Na mama akajibu zote, mmoja mmoja, hakumkatiza mtu hata mmoja. Ukimsikia ungesema amekuja kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa nazunguka uani nikipiga mateke mawe. Mama Limi akaniletea uji, akasema, "Tulia basi, Kabula. Mgeni njoo mwenyeji apone." Nikamwambia mwenyeji ameshapona, sasa apone na mgeni. Hakucheka.

Tuliachiwa saa saba. Tukasindikizwa na kundi zima mpaka stendi, kwa miguu, mwendo wa maharusi. Na zawadi: jogoo mzima, amefungwa miguu. Huwezi kukataa jogoo wa kuagwa. Niulizeni mimi, nilijaribu.

Kahama hadi Tabora

Kwenye basi jogoo alikaa chini ya kiti na mimi nikakaa juu yake nikiwa nimefura. Mama alipewa siti ya dirishani. Aliyekuwa upande wa pili ni mzee wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe na kofia, ana duka la vipuri Nzega. Alimwangalia mama, akasema, "Mwadila, mayu," yaani umeshindaje, mama, kwa Kisukuma kinachonishinda mimi niliyezaliwa nacho. Basi wakaanza. Nilifumba macho. Nikawaza, hata humu ndani ya gari, salamu.

Isaka tukasimama. Malori yamejaa kila upande, wanawake wanauza mayai ya kuchemsha na karanga madirishani. Dakika kumi, akasema kondakta. Ilipofika nusu saa nikashuka kumtafuta dereva. Nikamkuta kwenye mgahawa ana sahani ya pilau na ameagiza nyingine.

"Tunaondoka saa ngapi?" nikamwuliza kondakta.

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Na polepole yako ina nini? Nioneshe baraka zake niziweke kwenye begi."

Abiria wakacheka, wakawa upande wangu kwa muda kama wa dakika moja, kisha wakarudi kununua mayai. Tukakaa Isaka saa nzima na robo. Nilirudi kwenye siti, na hapo yule mzee wa vipuri akaniuliza kwa nini nina haraka hivyo. Nikaweka roho ngumu. Nikajiandaa kuulizwa nani amekufa. Nikamwambia ukweli wote, macho ya mama, mlango, babu na mizigo, Nyasubi.

Hakuuliza nani amekufa. Alisema, "Mimi napita pale Tabora tangu kijana na sijawahi kuingia hata siku moja. Babu yangu naye alikuja na msafara, ila yeye alikuwa na mtu wa kumbebea." Akamwangalia mama kidogo, akaongeza, "Labda ni babu yako, mayu." Mama akasema labda, na kwamba kama ni yeye, mzigo ulikuwa mzito. Akacheka yeye, akacheka mzee.

Halafu akatoa simu. Alimpigia mtu, huyo akampa namba ya mwingine, mpaka akampata mzee anayetunza funguo za tembe, akamwambia asifunge, kuna mama anatoka mbali. Akashuka Nzega. Katika siku mbili zile, ni mtu mmoja tu aliyenisaidia, naye si ndugu yangu. Nimeliandika hili makusudi, na mjomba kama unasoma, soma tena.

Tabora, jioni

Tulifika stendi saa kumi na mbili kasoro kidogo. Nikakodi bajaji, mabegi na jogoo na mama ndani, nikamwambia dereva akimbize. Alikimbiza. Jua lilikuwa limeshalala upande mmoja, jekundu, na mimi nilikuwa nalihesabia kila mti.

Mtunzaji alikuwa amekaa kizingitini anatungoja, Mzee Hamisi jina lake. Alifungua kwa haraka na kwa haraka akaanza maelezo aliyozoea: Mzungu wa kwanza alilala chumba hiki, wa pili alimkuta hapa, barua zake ziliandikiwa hapa. Nikamkatiza. "Samahani mzee. Wabebaji walitua wapi?"

Akafikiri. "Nje tu," akasema. "Uwanjani."

Tukampeleka mama mbele ya mlango. Ulikuwepo, mrefu, mweusi, umechongwa maua kama alivyosema, na mnyororo pembeni. Mimi niliuona. Mwanga ulikuwa bado unanitosha mimi. Mama alisimama hatua mbili kutoka kwenye mbao, akageuza kichwa taratibu kushoto, kulia, akitafuta pa kupitishia jicho. Akainua mkono akagusa hewa.

"Uko hapa?"

"Uko mbele yako, mama."

"Naona ukuta mweusi."

Nikaanza kumweleza, ua la kwanza, ua la pili, ninavyoongea haraka nikiwa na hasira. Akanishika mkono ninyamaze. Halafu mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimgombeza hata mbuzi wa jirani, akaanza kupiga kelele.

"Jana nimesalimia. Leo nimesalimia. Nimeolewa nikiwa mtoto, nikaingia kwa watu nikasalimia. Nimezaa, nimesalimia. Nimefiwa, nimekaa chini siku saba nasalimia. Miaka yote watu wanakuja, mama itika, mama itika, nami naitika! Siku moja tu nilitaka kuangalia. Siku moja, Kabula! Kitu ambacho hakingoji nikijibu!"

Mzee Hamisi alirudi nyuma. Mimi nikasema, "Ni mjomba, mama. Mimi nilikuambia tuondoke."

"Shija alidhani mtoto wake amekufa. Yeye ana sababu. Wewe ulinipa siku moja. Jicho linakwisha, na wewe umenikatia siku moja kama kiraka, kwa sababu ya mawe."

Tangu Geita nilikuwa nimemkasirikia kila mtu, mjomba, jirani, watu wa Mhunze, dereva na pilau yake, na wote walistahili. Ila hakuna hata mmoja wao aliyeandika Jumapili kurudi.

Nilitoka uwanjani nikampigia Mama Neema tunayeshirikiana naye karasha. Nikamwambia Jumatatu sitakuwepo.

"Kuna nini?" akauliza.

Nilitaka kusema mama anaumwa. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mama anaangalia mlango," nikasema. "Hajamaliza."

Tabora, Jumapili

Stesheni hatukwenda. Boma hatukwenda, na wali kwa kuku hatukula. Jogoo nilimpa mwenye nyumba ya wageni, na hilo nalo mjomba ameshalijua na amenuna. Karatasi yangu niliitupa asubuhi wakati napiga mswaki.

Mzee Hamisi aliniahidi saa mbili akaja saa mbili kamili, mtu pekee aliyetunza saa katika safari nzima. Jua lilikuwa limeingia uwanjani na linapiga mlango sawasawa. Akaleta kiti. Mama akakikataa.

"Babu alikuwa amekaa chini," akasema. "Nikisimama nitauona mlango kama anavyouona mwenye nyumba."

Akatandika khanga mavumbini, akakaa, miguu ameinyoosha mbele. Jicho lake linaona sehemu ndogo kama kiganja, kwa hiyo alikuwa anauona mlango kiganja kwa kiganja. Alianzia chini kushoto. Aliufuata mnyororo pingili kwa pingili, kichwa kikipanda polepole, akafika juu, akarudi alikoanzia, akaanza maua. Mzee Hamisi aliniambia kwa kunong'ona kwamba wageni wengi wanautazama kidogo, wanapiga picha, wanaingia ndani kwa Wazungu. Mama alikaa saa ya kwanza. Nilimletea maji, akapokea bila kugeuka.

Mara moja tu alisema kitu. "Alinichorea majani sita. Ni manane." Akaonekana amefurahi kumkamata babu yake kosa. Akaendelea.

Saa nne walikuja watalii wengine, mke na mume wa makamo, wamevaa vizuri, nadhani wametoka ibada ya kwanza. Yule mama alimwona mama yangu amekaa chini mavumbini, akavua miwani ya jua kwa heshima, akainama.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika.

Nilishtuka. Nimeshamsikia mama akiitikia shikamoo akiwa na homa, akiwa kwenye foleni ya hospitali, akiwa kando ya kaburi la baba. Nilifungua mdomo nimwitikie mimi, kisha nikaufunga. Jicho la mama lilikuwa kwenye ua la juu kabisa, kulia, na kichwa chake hakikutikisika.

Yule mama akadhani hasikii. Akainama zaidi, akapaza sauti. "Shikamoo, mama!"

"Mwache," nikamwambia. "Anaangalia."